Sahani ya Posho na Maharage: Historia Fupi ya Protini Katika Nchi za Maziwa Makuu

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza insha yenye kichwa "Chakula bora nyumbani kwetu". Lilikuwa zoezi la kawaida la kupima matumizi ya wakati uliopita na ukanushi. Mwanafunzi mmoja kutoka magharibi mwa Uganda aliandika hivi: "Nyumbani hatukula protini. Tulikula maharage." Tulisahihisha insha yake kwa kalamu nyekundu kama ilivyo ada. Sentensi hizo mbili hazikuwa na kosa la sarufi, tukazipitisha. Baadaye, tulipokuwa tukinywa chai ofisini, mmoja wetu alizisoma tena kwa sauti, na sote tukanyamaza. Kosa lilikuwapo, tena kubwa. Hatukuliona kwa sababu sisi wenyewe tulifundishwa hivyo hivyo.

Kijana yule alijifunza wapi kwamba maharage si protini? Hakujifunza kwa mama yake, kwani mama yake ndiye aliyemkuza kwa maharage hayo mpaka akafika chuo kikuu. Alijifunza vitabuni. Katika vitabu vingi tulivyosomea, na baadhi ya vile tunavyofundishia, neno "protini" huandamana na picha ya kipande cha nyama, samaki, yai na glasi ya maziwa. Maharage, kama yamo, huwekwa pembeni kama mgeni aliyechelewa karamuni.

Makala haya yanalenga kueleza jinsi fikra hiyo ilivyoingia katika nchi zetu, nani waliileta, na jinsi ilivyokuja kusahihishwa, kwa sehemu kubwa hapa hapa Kampala. Sisi si madaktari. Ni walimu wa lugha. Hata hivyo, historia hii imejaa maneno, na baadhi ya maneno hayo yaliujua ukweli kabla ya maabara kuufikia.

Neno na cheo chake

Neno "protini" lilianza kutumika katika maandishi ya sayansi mwaka 1838, katika kazi ya mkemia Mholanzi Gerrit Jan Mulder. Aliyempendekezea neno hilo ni mkemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius. Alilichota katika Kigiriki, kwa maana ya kitu chenye nafasi ya kwanza. Kwa hiyo tangu kuzaliwa kwake neno hili lilipewa cheo, na lenye cheo hutafutiwa kiti cha mbele.

Katika karne ya 19 wataalamu wa Ulaya waliamini kwamba nguvu za misuli hutokana na kula nyama kwa wingi. Mjerumani Carl Voit alipendekeza gramu 118 za protini kwa siku kwa mwanamume anayefanya kazi. Kiwango hicho alikipata kwa kuangalia walichokula wafanyakazi wa huko, jambo lililo tofauti na kupima mwili unahitaji nini. Mwaka 1904 Mmarekani Russell Chittenden alichapisha matokeo ya majaribio yake kwa wanajeshi, wanamichezo na walimu wa chuo: watu hao waliishi kwa miezi mingi kwa chini ya nusu ya kiwango hicho, na afya na nguvu zao hazikupungua. Lakini mazoea yana taabu. Nyama ilikuwa chakula cha waliojiweza, na wenye meza kubwa ndio walioandika vitabu.

Mizani ya mwaka 1931

Fikra hiyo ilifika Afrika Mashariki pamoja na utawala wa kikoloni. Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha utafiti wao uliolinganisha Wamasai na Wakikuyu wa Kenya. Wamasai waliishi kwa maziwa, nyama na damu. Wakikuyu waliishi zaidi kwa nafaka, viazi, ndizi na jamii ya kunde. Watafiti waliandika kwamba mwanamume wa Kimasai, kwa wastani, alimzidi mwenzake wa Kikuyu kwa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito. Ripoti hiyo ilisomwa sana. Orr mwenyewe alikuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yaani FAO, mwaka 1945, na akapata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1949. Si ajabu basi kwamba ulinganisho ule wa Kenya ulisafiri mbali.

Wanahistoria waliorudi kuichunguza kazi hiyo wameonyesha mapengo yake. Jamii hizi mbili zilikuwa majirani waliofanya biashara na kuoana, hivyo si haki kuzitazama kama mizani yenye pande mbili zisizogusana. Wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani na vyakula vingine ambavyo wanaume hawakuvila kwa kiasi hicho. Tena kufikia wakati huo Wakikuyu wengi walikuwa wamepoteza ardhi yao kwa walowezi na kugeuzwa vibarua. Anayelipwa kwa unga wa mahindi hula unga wa mahindi.

Hapa tulitazame neno "posho". Katika Kiswahili sanifu, posho ni chakula au fedha anayogawiwa mtu ya kujikimu: wapagazi walipewa posho, askari walipewa posho, na nchini Tanzania wajumbe wa mikutano bado hupewa posho. Nchini Uganda neno hilo limehama likawa jina la ugali wenyewe. Mwanafunzi wa Kampala anaposema "tumekula posho" hana habari kwamba anatamka historia ya mgawo. Na mgawo ulipimwa kwa kujaza tumbo kwa gharama ndogo. Ulipokuja bila maharage, bila karanga na bila mboga, mtu alishiba huku mwili wake ukikosa. Ndipo mtazamaji kutoka nje alipohukumu kwamba chakula cha mimea ni dhaifu, ingawa alichokiona kilikuwa chakula cha mimea kilichokatwa nusu.

Majina ya ugonjwa mmoja

Wakati huo huo madaktari walikuwa wakihangaishwa na ugonjwa wa watoto wadogo. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu huvimba miguu na uso, nywele hupoteza rangi na kuwa nyepesi, ngozi huchubuka, naye huwa mnyonge asiyetaka kucheza wala kula. Ni rahisi kudanganyika ukadhani amenenepa, kumbe ni maji.

Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyefanya kazi Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akautaja kwa jina alilolisikia kwa akina mama waliosema lugha ya Kiga ya eneo la Accra: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa mahali pake pale mdogo wake anapozaliwa. Alichofanya Williams kilikuwa kigeni kwa madaktari wengi wa zama zake: aliwauliza akina mama ugonjwa unaitwaje na kwa nini unaitwa hivyo, kisha akayaamini majibu yao.

Baganda waliuita obwosi, na wao pia waliuhusisha na mama kupata mimba nyingine wakati mtoto bado ananyonya. Nchini Rwanda, Burundi na huko Kivu unaitwa bwaki. Kiswahili sanifu kina "unyafuzi", pamoja na neno pana "utapiamlo". Waswahili wa pwani nao wana kitenzi "kubemenda", yaani kumdhoofisha mtoto mchanga kwa wazazi kukutana, au mama kushika mimba, kabla ya wakati. Tunafahamu kwamba maelezo ya sababu yanatofautiana, na mengine yamewaletea akina mama lawama wasizostahili. Lakini tuzingatie jambo ambalo Kiga, Luganda na Kiswahili cha pwani vinakubaliana, ingawa wasemaji wake hawakukaa kikao kimoja: balaa humfika mtoto anapoachishwa ziwa. Majina yaliwekewa alama wakati na mahali pa hatari. Swali lililobaki lilikuwa hili: anapoachishwa, anapewa nini badala yake?

Mulago na unga wa maziwa

Kampala ilikuja kuwa mojawapo ya vituo vikuu vya dunia vya kujibu swali hilo. Daktari Hugh Trowell, aliyefika Uganda katika miaka ya 1930 baada ya kufanya kazi Kenya, alihangaika kwa miaka mingi na watoto wa hospitali ya Mulago. Mwanzoni alidhani ni namna ya pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini fulani, na akawatibu hivyo bila mafanikio. Mtaalamu wa patholojia, J. N. P. Davies, alichunguza miili ya waliofariki na mwaka 1948 akaandika juu ya madhara aliyoyakuta katika kongosho. Daktari R. F. A. Dean aliongoza kitengo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto kilichogharimiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Mwaka 1954 watatu hao walitoa pamoja kitabu kikubwa kilichobeba jina lile lile la Kiga.

Kabla yake, mwaka 1952, John Brock wa Afrika Kusini na Marcel Autret wa FAO walikuwa wametoa ripoti ya safari yao katika nchi nyingi za Afrika. Walisema kwamba ugonjwa huu umeenea mno na kwamba mzizi wake ni upungufu wa protini. Kuanzia hapo neno lenye cheo likapanda juu zaidi. Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani liliunda kikundi maalumu cha kushauri juu ya protini, na mwaka 1968 Umoja wa Mataifa ulichapisha ripoti iliyoonya juu ya janga la protini lililokaribia.

Dawa iliyopatikana kwa urahisi ilikuwa unga wa maziwa yaliyoondolewa mafuta. Marekani ilikuwa na akiba kubwa, na UNICEF iliusambaza katika nchi nyingi. Mulago nayo iliutumia, na tusiibeze kazi hiyo: watoto wengi waliokuwa mlangoni mwa kifo walirudi. Tatizo lilikuja baada ya mtoto kuruhusiwa kwenda nyumbani. Mama aliyeshuhudia mwanawe akiponywa kwa maziwa ya unga alihitimisha, kwa mantiki kamili, kwamba maziwa ya unga ndiyo dawa. Akayanunua dukani kadiri ya uwezo wake, akayazimua kwa maji mengi yasichukue muda kwisha, akayatia katika chupa ambayo hakuwa na namna ya kuichemsha vizuri. Mtoto akapata kuhara na utapiamlo upya. Profesa Derrick Jelliffe, aliyefundisha tiba ya watoto Makerere katika miaka ya mwanzo ya 1960, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupigania ziwa la mama dhidi ya chupa.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu Dean. Kabla ya kuja Uganda alikuwa Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nchi ikiwa magofu na maziwa hayapatikani. Huko aliwalisha watoto kwa mchanganyiko wa soya na kimea cha shayiri, na ripoti yake juu ya protini za mimea katika ulishaji wa watoto ilitolewa mwaka 1953. Watafiti wa Lwiro, karibu na Bukavu, nao walijaribu soya na vyanzo vingine vya protini kwa watoto wa Kivu katika miaka hiyo hiyo ya 1950. Kwa maneno mengine, ushahidi kwamba mimea inaweza kumlisha mtoto ulikuwapo mezani wakati meli za unga wa maziwa zikitia nanga.

Kitobero

Mwaka 1965 kilifunguliwa kitengo kipya Mulago, kikaitwa Mwanamugimu. Jina hilo linatoka katika methali ya Kiganda isemayo "Mwanamugimu ava ku ngozi". Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kubwa hapa. "Mwana" ni mwana. "Ngozi" ni ngozi, yaani ile mbeleko ya ngozi ambayo mama alimbebea mtoto mgongoni. "-gimu" husemwa juu ya kiumbe aliyenawiri, na pia juu ya ardhi yenye rutuba. Mtoto mwenye afya, basi, hutoka katika mbeleko: malezi ndiyo mwanzo wake.

Kitengo hiki kiligeuza utaratibu. Badala ya mtoto kulazwa kitandani na muuguzi kumpa maziwa, mama alikaa naye na kupika mwenyewe vyakula anavyovijua, kutoka sokoni au katika shamba la mfano lililokuwa pale pale. Chakula kikuu cha somo kilikuwa kitobero, neno linalotokana na kitenzi cha Kiganda chenye maana ya kuchanganya. Unachukua matoke au viazi vitamu. Unaongeza maharage yaliyolowekwa na kumenywa maganda, au karanga zilizotwangwa. Unaongeza mboga za majani, na samaki au maziwa kama yapo. Unavifunga katika jani la mgomba na kuvipika kwa mvuke pamoja na chakula cha wakubwa. Hakuna kopo wala chupa. Baada ya siku kadhaa uvimbe hushuka, mtoto huanza kutabasamu, na mama anajua ni mkono wake uliofanya hivyo.

Tujiulize kwa nini mtoto wa Buganda aliugua huku migomba imezunguka nyumba. Matoke yana protini ya takriban asilimia 1 tu ya uzito wake. Muhogo na viazi vitamu haviko mbali na hapo. Mtoto mwenye tumbo dogo hawezi kula matoke ya kutosha kufidia upungufu huo. Maharage makavu yana takriban asilimia 22, karanga takriban asilimia 25, na soya takriban asilimia 36. Kijiko cha maharage yaliyopondwa kilibadili hesabu yote. Na maharage hayakuwa yakikosekana nyumbani; yalikuwa katika sufuria ya wakubwa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mama kwamba chakula hicho kinamfaa mtoto mdogo, na jinsi ya kukilainisha.

Kitengo cha Mwanamugimu kiliivuka miaka migumu ya utawala wa Idi Amin, na bado kipo. Wataalamu wengi wa kigeni waliondoka. Somo la kitobero halikuondoka, kwa kuwa lilikuwa limekwisha ingia jikoni.

Kosa lakiriwa

Katika ngazi ya dunia mabadiliko yalichukua muda. Mwaka 1968 Daktari C. Gopalan wa Hyderabad, India, alionyesha kwamba watoto waliovimba na wale waliokonda tu walikuwa wamekula vyakula vinavyofanana. Hakuona tofauti ya protini ya kuwatenganisha. Mwaka 1973 kamati ya FAO na Shirika la Afya Duniani ilishusha makadirio ya mahitaji ya protini. Mwaka uliofuata Donald McLaren, ambaye alikuwa amefanya kazi Tanganyika kabla ya kwenda kufundisha Beirut, aliandika makala makali katika jarida la Lancet akisema kwamba dunia imepoteza fedha na miaka kwa kukimbiza protini peke yake, wakati watoto walihitaji chakula cha kutosha kwa jumla. Hadi leo wanasayansi hawajaeleza kikamilifu kwa nini mtoto mmoja huvimba na mwingine hukonda. Maradhi ya mara kwa mara na hali ya tumbo navyo vimo katika hesabu.

Trowell naye alirudi katika historia hii kwa mlango mwingine. Baada ya kuondoka Uganda alikuwa kasisi nchini Uingereza, lakini hakuacha kufikiri juu ya wagonjwa wa Mulago. Mwaka 1960 alichapisha kitabu juu ya magonjwa yasiyoambukiza katika Afrika, ambamo alionyesha jinsi maradhi ya moyo na mengineyo yaliyowaua Wazungu kwa wingi yalivyokuwa adimu kwa Waafrika aliowatibu. Mwaka 1975 yeye na Denis Burkitt, daktari mwingine wa Mulago, walihariri kitabu kilichohusisha hali hiyo na nafaka zisizokobolewa, maharage na mboga zenye nyuzinyuzi. Daktari yule yule aliyeziona sahani zetu kama upungufu alimaliza maisha yake akiwashauri Waingereza wazikaribie.

Chungu kilichojua

Sasa tueleze jambo lenyewe kwa ufupi, kwa kuwa mwalimu wa lugha akitunga mfano wa sentensi juu ya chakula anapaswa autunge sahihi.

Protini hujengwa kwa vijenzi viitwavyo amino asidi. Mwili wa mtu mzima unahitaji tisa kati yake kutoka katika chakula, kwa sababu hauwezi kuzitengeneza. Mahindi, mchele na ulezi vina upungufu wa amino asidi iitwayo laisini. Maharage, kunde, mbaazi na choroko vina laisini kwa wingi, lakini vina upungufu wa methionini, ambayo nafaka inayo. Ukiziweka pamoja, kila moja huziba pengo la mwenzake. Si lazima ziliwe katika tonge moja. Zikiliwa katika siku hiyo hiyo yatosha.

Wapishi wetu hawakuwahi kusikia habari ya laisini, lakini tazama vyungu vyao. Wakikuyu wana githeri, Wakamba wana muthokoi, Wajaluo wana nyoyo, Watanzania wana makande: yote ni mahindi na jamii ya kunde. Mombasa hufungua asubuhi kwa mahamri na mbaazi za nazi. Uganda ina katogo, matoke yaliyopikwa chungu kimoja na maharage au karanga. Nchini Rwanda na Burundi siku bila maharage huhesabiwa kuwa siku pungufu. Tena mengi ya mazao haya ni wageni waliopewa uraia. Maharage ya kawaida yalitoka Amerika na kuingia baada ya Wareno kufika pwani yetu, yakapanda hadi nyanda za maziwa makuu na kuzikuta kunde na njugu mawe zikiwa wenyeji wa Afrika. Leo Kirundi huyaita ibiharage, jamaa wa karibu wa maharage ya Kiswahili, Kinyarwanda huyaita ibishyimbo, Luganda, ebijanjaalo.

Je, yanatosha? Kiwango salama kilichotolewa na mashirika ya Umoja wa Mataifa mwaka 2007 ni gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima kwa siku. Mwanafunzi wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50. Gramu 300 za unga wa mahindi zinampa takriban 24. Gramu 120 za maharage, zikipimwa kavu, zinampa kama 26. Konzi moja ya karanga, gramu 30 hivi, inaongeza 7. Jumla ni 57, na ziada hiyo ndogo inahitajika kwa kuwa protini ya mimea huyeyushwa tumboni kwa kiwango cha chini kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kimejaa bila kipande cha nyama.

Hata hivyo, tusivuke kutoka kosa moja hadi jingine. Vitamini B12 haipatikani katika mimea. Asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa lazima aipate kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa. Mtoto mdogo anahitaji kuendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi, kulishwa mara nyingi kwa siku, na hata dagaa wachache waliosagwa wanamfaa sana. Maharage nayo yana masharti yake: yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa moto mkali mpaka yaive, kwani yakiwa mabichi yana sumu. Anayelalamika kwamba maharage ya bweni yanamuumiza tumbo huenda ana ugomvi na mpishi na si na maharage. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Hitimisho

Tulimwita yule mwanafunzi ofisini tukamrudishia insha yake. Tulimweleza kwamba sarufi yake ni nzuri, lakini kweli yake ina kasoro, na kwamba kosa hilo ni letu kabla ya kuwa lake. Alicheka, kisha akasema jambo ambalo hatujalisahau: shuleni alikuwa akiona haya kutaja chakula cha kwao.

Haya hiyo ndiyo gharama ya sentensi mbovu ya kitabu. Mama anayeona haya kwa maharage yake huyauza ili anunue kopo. Kijana anayeamini kwamba nyumbani hawakula protini huamini pia kwamba nyumbani hawakujua kitu. Walimu wa Kiswahili tunatunga sentensi nyingi kila wiki, na watoto huzinakili bila kuuliza. Tukiandika "Protini hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa", tumefundisha nomino nne na kosa moja. Tukianza na maharage, kunde, karanga na mbaazi, kisha tukafuatisha hizo nne, hatutapunguza msamiati, tutaongeza ukweli.

Kwa wanafunzi wetu tunaacha zoezi. Mwendapo likizo, waulizeni wazee majina ya jamii ya kunde katika lugha za kwenu, jinsi kila moja inavyopikwa, na inachanganywa na nini. Ulizeni pia ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa unaitwaje. Andikeni kwa Kiswahili sanifu, kurasa mbili. Yule mwanafunzi aliiandika upya insha yake. Sentensi yake ya kwanza ilisema: "Nyumbani tulikula protini kila siku, ila hatukujua jina lake."